Nafasi Kando ya Mama

Oakland, California
2 Septemba 1958

Mdogo wangu Odile,

Naomba Mungu barua hii ikukute mzima na goti lako limetulia. Sisi hatujambo. Shemeji yako Hazel anakusalimu. Ameshona mapazia mapya, na sasa hakuna ruhusa ya kuyagusa, hata mimi niliyelipia kitambaa. Mimi nina kikohozi kidogo cha ukungu wa huku, si la kuzungumza. Tangu nistaafu kazi ya treni, kazi yangu ni kukaa dirishani kama paka.

Nikuambie jambo, lakini usinicheke. Kila alasiri nikishakunywa kahawa nafumba macho na kutembea huko New Orleans. Si ndoto, maana silali, na si macho pia. Natoka mlangoni kwa Mama, mtaa wa Dumaine, nashuka kuelekea mtoni. Napita chini ya roshani za chuma, maji ya maua yananidondokea begani. Nafika uwanja wa kanisa kuu, nyumbu wanaokokota magari ya wageni wanasinzia na kofia zao za majani. Kisha naingia sokoni. Wauza bamia nawaona. Wasisilia na ndizi zao zilizoning'inia nawaona. Lakini nikifika kona ya mwisho, pale paa linapoishia, pote panakuwa peupe, kama mtu amepapaka chokaa. Narudi mwanzo, natembea tena, kona ni nyeupe vilevile. Hebu nenda ukaniangalizie, pana nini pale?

Sasa shabaha ya barua. Mdogo wangu, nataka kurudi nyumbani. Siku yangu ikifika, nataka kulazwa kando ya Mama, kwenye kile kijumba cha matofali alichojenga Papa, baba yetu, kwa mikono yake. Hazel haelewi mambo yetu, ni Mbatisti wa Texas. Nilimweleza kwamba kwetu hatuchimbi shimo kwa sababu maji yako karibu. Tunamlaza mtu ndani ya kijumba, tunaziba mlango, na baada ya mwaka na siku moja mlango unaweza kufunguliwa, mifupa ikasukumwa nyuma, ikaangukia chini kwa waliotangulia, na nafasi ikapatikana kwa mwingine. Wote pamoja, mchanganyiko mmoja. Akashika kichwa: "Yesu wangu! Kama droo za kabati!" Nikamwambia, "Afadhali droo ya watu wangu kuliko shamba la wageni."

Siku ya Watakatifu Wote ukienda kupaka kaburi chokaa, niangalizie lipu ya Papa kama bado imeshika. Nijulishe na hali ya mlango.

Kaka yako,
Octave


New Orleans
5 Oktoba 1958

Kaka yangu mpendwa Octave,

Bikira Maria akufunike kwa vazi lake wewe na shemeji. Mimi sijambo, goti linanitabiria mvua tu. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Padri alinipa nguo za altare nizitengeneze, na unajua mimi nikishika sindano ya kanisa sishiki kalamu.

Barua yako niliisoma jikoni, harage jekundu likiiva, maana ilikuwa Jumatatu, siku ya harage mji mzima. Nikasema, kama kaka anatembea bila miguu, mimi mwenye miguu nakaa kwa nini? Nikavaa kofia. Nilikwenda kwanza na tramu. Hujui! Tangu mwisho wa Mei wameondoa ule ubao wa kututenga sisi weusi viti vya nyuma. Nilikaa mbele kabisa, mikono mapajani, nikauona mji unakuja. Maisha yangu yote nimekuwa nikiuona ukienda.

Kanisa kuu lipo, na minara yake mitatu. Niliingia nikapiga goti moja, lile zima. Mwanga wa vioo ulikuwa umelala sakafuni, nikaogopa kuukanyaga, nikazunguka. Nje wachoraji wametundika picha kwenye uzio wa chuma. Mmoja akaniita, "Bibi, nikuchore?" Nikamwambia, "Mungu alishanichora, wewe utaharibu."

Sokoni pananukia vilevile: kahawa, samaki, mananasi yanayoelekea kuoza. Maandazi ya mraba bado wanayazika kwenye sukari ya unga. Wale mama wa vitumbua vya wali, waliokuwa wakiita tangu alfajiri na vikapu kichwani, hawapo tena; lakini nilipofika pale karibu na mizani, nakuapia, nilisikia sauti. Niligeuka. Ilikuwa njiwa.

Bi Concetta, yule Msisilia wa ndizi, bado hai na bado ananibania mizani. Akaniuliza:

"Kaka yako bado yuko California?"

"Yuko."

"Anakula nini huko?"

"Machungwa."

"Maskini ya Mungu!" Akanifungia bamia za bure, eti zako. Nimezila kwa niaba yako.

Ile kona, kaka, siku hiyo palikuwa na watu wengi, sikuona vizuri. Na makaburini nitakwenda wakati wake ukifika. Kila kitu na wakati wake.

Kunywa asali na ndimu kwa hicho kikohozi.

Akupendaye,
Odile


Oakland
26 Oktoba 1958

Odile mpenzi,

Nimeisoma barua yako mpaka Hazel akasema karatasi itachakaa. Tangu hapo sitembei peke yangu. Alasiri nikifumba macho wewe uko mbele na kofia yako, nami nakufuata kama mwanakondoo. Umenipakiza tramu, tumekaa mbele wote wawili. Nimeona ule mwanga sakafuni. Mimi niliukanyaga, ulikuwa na joto.

Lakini jana nilikuambia, "Odile, sasa makaburini." Ukanishika mkono, ukanipeleka kwenye wauza maua. Nikasema tena, ukanipeleka mtoni kutazama meli. Nilipofumbua macho nilijiuliza: huyu mdogo wangu tangu lini anajua njia za kuzunguka namna hii? Umenitembeza mji mzima ukaniruka mahali pawili tu, nilipokuuliza. Ulikuwa hivyo tangu utotoni: ukificha kitu unanilisha.

Kuna nini kwenye kaburi letu? Limebomoka? Niambie. Kama ni lipu, naweza kutuma hela ikatengenezwe. Kukaa kwangu kimya ndiko siwezi.

Sisi wazima. Kikohozi kile kile.

Octave


New Orleans
10 Novemba 1958

Kaka yangu Octave,

Amani ya Watakatifu Wote iwe nanyi. Nimetoka kuungama, nikaona nisipokuandikia leo nitalazimika kurudi kuungama tena.

Siku yenyewe ilikuwa nzuri, jua laini. Watu wote walikuwa makaburini na ndoo, brashi, ngazi, na vikapu vya chakula. Familia ya jirani ilileta kuku mzima na kiti cha kubembea cha nyanya yao. Nilipaka chokaa, nikaweka maua ya krisanthemumu, nikasali rozari. Lipu ya Papa imeshika. Hakuna kilichobomoka.

Mlango ndio mpya, kaka. Tuliuziba tarehe nne Agosti.

Ni Numa.

Najua umesimama. Keti. Unajua kwa nini kona ile ni nyeupe machoni mwako? Pale ndipo Numa alipokuwa akifungua chaza miaka yote, kwenye meza yake ya zinki, chini ya ukingo wa paa. Kila mtu sokoni alimjua kwa uso wa Papa aliokuwa nao. Wewe hukutaka kuuona ukiwa huku, na sasa huuoni ukiwa huko.

Aliugua masika. Mke hakuwa naye, mtoto hana, chama cha kuzikana alikiacha zamani. Nilikuwa nikimpelekea supu. Siku moja akaniambia, "Odile, mimi wanitupe popote."

"Popote si mahali, Numa."

"Octave atasemaje?"

"Octave yuko California."

Akacheka mpaka akakohoa. "Hata California ana mdomo."

Alikufa na rozari mkononi, na mimi nikafanya nilichofanya. Sikukuuliza kwa sababu nilijua jibu. Siku tuliyomzika Mama, ile siku ya mwisho kukuona, Numa alikuja na maua meupe, ukamfungia geti la makaburi mbele ya watu. Ulisema unalinda heshima ya Mama. Labda. Lakini Mama hakukutuma. Mama ndiye aliyekuwa akimwekea sahani dirishani.

Sasa mambo mawili. La kwanza, mlango hauwezi kufunguliwa kabla ya tarehe tano Agosti mwakani. La pili ni lako peke yako. Jiwe la marumaru lina majina ya watu wetu wote, la Numa halipo. Papa alimzaa nje, akaitwa Picou kwa upande wa mama yake, si Rochon kama sisi. Fundi Baptiste aliniuliza, "Nichonge nani?" Nikamwambia asubiri. Akasema, "Wafu hawana haraka, bibi, lakini mimi nina kazi nyingine." Kwetu jiwe ni neno la mkubwa wa nyumba, na mkubwa ni wewe. Mimi nimempa Numa mahali. Jina siwezi kumpa. Na siku yako ikifika ukalazwa humo, mifupa yako itakwenda alipo yeye. Hakuna kona nyingine ndani ya kijumba kile.

Nakuombea. Nijibu hata kwa matusi.

Odile


New Orleans
20 Januari 1959

Kaka Octave,

Noeli imepita, Mamajusi wamepita, keki ya Wafalme imeanza kuuzwa, wewe kimya. Nilipata kadi ya shemeji tu. Ilikuwa na punda na nyota, na chini ameandika: "Octave anakaa sana kitandani. Mapafu yote mawili. Hataki ujue."

Kikohozi cha ukungu, eti! Mimi nilificha maiti moja, wewe unaficha ya pili.

Basi nisikilize. Nimekwenda kuuliza kwa mlinzi wa makaburi, nikauliza na kwa padri. Mwaka na siku moja ni mwaka na siku moja, joto la huku ndilo linalofanya kazi na haliharakishwi. Kwa hiyo mimi, mdogo wako, nakuamuru: usife kabla ya Agosti. Sitaki kusikia umelazwa kwenye chumba cha kukodi cha makaburini ukingoja kama mizigo ya treni.

Baada ya kuuliza nilitembea mpaka ule uwanja wa nyuma ya mtaa wetu, ambao serikali imeupa jina la jenerali na sisi tunauita Kongo. Hapakuwa na mtu. Nilikaa chini ya mialoni. Babu zetu, enzi za utumwa, walicheza ngoma pale Jumapili, waliotoka kila nchi, wasiojuana majina. Upepo ulikuwa ukisukuma majani makavu kwa mduara, yanazunguka, yanatulia, yanazunguka. Nilikaa mpaka baridi ikaniingia. Nilijisahau, nikakusogezea nafasi kwenye benchi.

Niandikie.

Odile


Oakland
17 Februari 1959

Odile,

Mtoe.

Octave


New Orleans
24 Februari 1959

Kaka,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Herufi zimelegea lakini hasira ni nzima.

Simtoi. Sheria hairuhusu, na hata ingeruhusu, nisingemtoa. Kama hutaki kulala alipo, California ina ardhi. Shemeji atakununulia kipande cha shamba chenye nyasi zilizokatwa vizuri, na mimi nitauza mashine yangu ya kushonea nije kukuwekea maua mara moja, halafu basi. Nimeandika haya huku nalia, kwa hiyo usidhani nakuchokoza.

Nilimpitia Bi Concetta. Ameanza kutengeneza altare ya sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, na mikate yenye umbo la ngazi na samaki. Alisema, "Kwetu siku hiyo mlango unaachwa wazi, anayeingia anakula, huulizwi wewe nani." Nilinunua vitunguu nikaenda zangu.

Nakupenda, mkaidi wewe.

Odile


Oakland
19 Aprili 1959

Mdogo wangu Odile,

Amani ya Pasaka iwe nawe. Mkono huu ni wa Hazel, maneno ni yangu. Akiongeza yake, yapuuze. (Hali chakula. Hazel.)

Nilikuchukia mwezi mzima. Alasiri nilikuwa nikifumba macho, natoka kwa Mama, nakupita mlangoni bila salamu, nakwenda peke yangu. Uwanja, kanisa, soko. Na kwa kuwa ulishasema kilichopo, kona haikuwa nyeupe tena. Alikuwepo. Meza ya zinki, aproni, kisu kifupi, na uso ule wa Papa umeinamia kazi. Alifungua chaza moja, akaiweka upande wangu wa meza, akaendelea na nyingine. Nikaondoka.

Kesho yake nikapita tena, ipo palepale, mbichi, inang'aa. Nikamwambia, "Sikuagiza." Akasema, "Najua." Bila kuinua macho! Kiburi cha Papa kabisa. Nilikuwa nakwenda hivyo kila siku, Odile, najiambia nakwenda kumkaripia. Hazel aliniona nasogeza midomo, akadhani nasali. Nikamwambia, "Nagombana na mtu." Akasema, "Basi malizeni, supu inapoa."

Jumapili ya Pasaka nilisimama mezani nikasema, "Numa, nilikufungia geti." Akafuta kisu kwenye aproni. Akasema, "Kula, kaka, joto hili litaiharibu."

Nimekula. Ilikuwa na chumvi kama mtu aliyelia.

Mwambie fundi Baptiste achonge NUMA ROCHON. Sio Picou. Herufi zilingane na za Papa na Mama, asije akapunja. Chini yake aache nafasi ya mstari mmoja, na huo asiuguse, mimi bado natembea.

Daktari amesema nisisafiri. Nilimwambia mimi nimetandika vitanda vya treni maisha yangu yote, sijawahi kulalia hata kimoja, sasa ni zamu yangu. Tunakuja mwezi Juni, mimi na Hazel. Agosti nitaingoja hapo, barazani kwako, kama Mungu atakubali. Asipokubali, basi ningoje kwenye hicho chumba cha kukodi, nimechoka kukasirikia mambo.

Kaka yako,
Octave


New Orleans
27 Mei 1959

Kaka yangu Octave,

Mungu ashukuriwe asubuhi na jioni. Chumba cha mbele nimekipaka rangi. Kitanda nimekigeuza, ukilala utaona mtaa.

Fundi Baptiste alichonga juzi. Nilikwenda na kiti changu, nikakaa kumsimamia kama ulivyosema. Alipomaliza lile NUMA akaniuliza, "Una hakika ni Rochon?" Nikamwambia, "Mkubwa wa nyumba amesema." Akavua kofia, akaendelea. Vumbi la marumaru lilikuwa likiruka kwenye jua, jeupe, jepesi, likanijaa kwenye nywele na gauni, mpaka waliopita wakadhani nami nimetoka kwenye kaburi mojawapo. Nikapitisha kidole kwenye jina. Kingo bado kali. Mvua zitazilainisha.

Kesho yake nilikwenda sokoni kuwaambia. Pale kona siku hizi kijana anauza tikiti maji. Bi Concetta alifunga kitambaa chake upya, akasema, "Nitakwenda kumsomea jina lake," akamwachia jirani mizani. Mizani yake, Octave! Tulikwenda pamoja, mguu mosimosi, vizee wawili. Hajui kusoma. Nilimsomea mimi, akarudia.

Sasa sikiliza neno la mwisho, halafu usinijibu, maana barua yako na wewe mtapishana njiani. Vile vituo vya zamani vya treni walishavivunja. Kuna kimoja kipya, kikubwa, vioo kila upande, na mtaa wake umefumuliwa. Hukijui. Hata ufumbe macho namna gani hutakiona. Kwa hiyo ukishuka usianze kutembea. Simama palepale penye mlango wa behewa, na shemeji akushike. Mimi nimezeeka, nimenenepa, huenda usinitambue, lakini nitakuwa ndiye yule anayekuja mbio na goti bovu.

Mdogo wako,
Odile